Ekseli ya Pedali: Pimeni Kabla ya Kununua

Somo letu la leo ni la baiskeli. Pikipiki zimejaa kila njia, lakini vikundi vingine hapa Kisii na Nyamira bado vina baiskeli ya kubebea ndizi, maziwa au mitungi ya maji. Na milima yetu mnaijua. Ukikanyaga kwa kusimama ukiwa na mzigo, uzito wote unaangukia ile ekseli inayopita ndani ya bomba fupi chini ya fremu. Siku moja pedali zinaanza kuyumba na kulia kwaru kwaru. Basi mtu anatumwa Keroka na pesa za kikundi: "Lete ekseli." Ekseli gani? Hapo ndipo shida huanza.

Sisi wenyewe tuliwahi kukosea. Tulikadiria kwa macho tu, tukanunua seti mpya, na kikombe cha gololi kikaingia nusu kikakwama. Tukakilazimisha kwa spana ndefu. Kiliingia, ndiyo, lakini kilikula nyuzi za fremu, na tangu siku ile hakuna kikombe kinachokaa humo. Ekseli ni spea ya bei ndogo. Fremu ndiyo baiskeli yenyewe.

Kwa hiyo fungueni ile ya zamani kwanza, muende nayo sokoni. Katika baiskeli nyingi kikombe cha upande wa cheni kina nyuzi za kinyume: mkikitazama kutoka upande huo, hufunguka kwa kuzungusha vile mshale wa saa unavyokwenda. Cha kushoto hufunguka kama nati ya kawaida. Wasiojua hili hukaza wakidhani wanafungua.

Halafu chukueni rula ya mwanafunzi. Pimeni upana wa lile bomba, kutoka ukingo hadi ukingo. Fremu nyingi ni milimita 68, na baadhi ya zile za milimani zinazokuja kama mitumba ni 73. Jihadharini na Raleigh ya babu. Raleigh nyingi za zamani za Nyotingamu, Uingereza (Nottingham), zina bomba la milimita 71 au 76, na nyuzi zake ni 26 kwa inchi moja, wakati za kawaida ni 24. Tofauti hiyo haionekani kwa jicho. Wekeni rula juu ya kikombe cha zamani mhesabu nyuzi katika nusu inchi: zikiwa 12 ni ya kawaida, zikiwa 13 ni ya Raleigh. Kiwanda kile kiliacha kutengeneza baiskeli mwaka 2002, kwa hiyo vikombe vyake vya zamani vikiwa bado vizima, msivitupe. Badilisheni gololi na ekseli tu.

Kikombe kipya kijaribuni kwa vidole, bila spana. Kikienda mizunguko mitatu au minne kwa ulaini, ni chenyewe. Kikigoma, rudisheni dukani.

Sasa ekseli. Ile ya "black mamba" ina ncha za mviringo zilizochongwa kidogo, na mkono wa pedali hushikwa na kotapini. Za kisasa zina ncha za mraba. Hizo mbili hazibadilishani hata kidogo, fundi akisema nini. Za mraba zina urefu mbalimbali: milimita 110, 113, 118, 122 na nusu, 127. Fupi mno, meno ya cheni yatakwaruza fremu. Ndefu mno, cheni itakwenda mshazari, iruke na kuisha mapema. Nunueni urefu ule ule wa zamani.

Kotapini nazo zina unene wake. Nyingi ni milimita 9 na nusu, nyingine 9. Nyembamba itacheza hata ukigonga mchana kutwa. Nunueni mbili zinazofanana, la sivyo mikono ya pedali haitakaa mstari mmoja. Wakati wa kugonga, egemezeni mkono juu ya kipande cha bomba la chuma, ili nyundo isiumize gololi.

Gololi za kawaida ni za robo inchi, 11 kila upande. Msichanganye mpya na kuukuu.

Kazi ya kikundi: mkutano ujao leteni baiskeli moja na rula. Pimeni bomba, aina ya ekseli na urefu wake, kisha katibu aandike vipimo hivyo katika daftari la kikundi, ukurasa mmoja kwa kila baiskeli.