Wito wa Mizizi: Somo la Kiduha na Pamba

Ijulikane kuwa si kila ujumbe hupelekwa kwa sauti. Siafu hufuata njia iliyotiwa harufu na wenziwe. Na nyuki akichoma huacha harufu ya kuwaita wenziwe vitani. Mimea nayo hupelekeana khabari, tena chini ya ardhi.

Mfano wake uko bara, nchi ya Ntuzu, upande wa Bariadi katika mkoa wa Simiyu, ambako watu hulima pamba, mahindi na mtama. Adui wa nafaka hizo ni kiduha, mmea wa maua ya zambarau unyonyao mizizi ya wenziwe. Mbegu zake ni ndogo mfano wa vumbi, na huweza kukaa ardhini zaidi ya miaka 10 zisiote. Zangoja nini? Zangoja wito.

Mzizi wa mahindi ukiwa katika ardhi iliyochoka hutoa kemikali kidogo mno, kuuita ukungu mwema wa udongoni uusaidie kupata chakula. Wataalamu waliubainisha wito huo mwaka 2005. Walakini kiduha ni mdukizi: mbegu iliyo karibu huusikia wito usio wake, huamka, hujishika mzizini ikanyonya. Shina lake litokeapo juu, madhara yamekwisha tendeka chini.

Suala: Shamba likidhoofika hivi, yafaa kumtuhumu jirani kwa uchawi?

Jawabu: La, haifai. Mwizi yumo mizizini. Dhana mbaya haioteshi mahindi, na ujirani huvunjika bure.

Suala: Tiba yake ni nini?

Jawabu: Ni pamba. Kemikali ya namna hiyo, iitwayo strigoli, ilipatikana kwanza Marekani, mwaka 1966, katika mizizi ya pamba. Pamba huita, lakini kiduha hakiwezi kuinyonya. Mbegu iliyoamka hufa kwa njaa. Basi shamba la mahindi lipokezane na pamba, wala si kwa mwaka mmoja tu, kwani mbegu ni nyingi nazo haziamki zote pamoja. Samadi nayo itiwe, kwani ardhi ikishiba wito hupungua. Na kiduha kionekanacho king'olewe kabla ya kuchanua, kisije kikamwaga mbegu mpya.

Aliyeujua wito wa mizizi ataitazama pamba kwa jicho jingine: ni fedha ya mwaka huu, na ni ulinzi wa chakula cha mwaka ujao.