Paroko Akipewa Likizo Ndefu, Nani Atafungisha Ndoa?

*Maswali ambayo waumini wa Marani, Kisii, huuliza padri anapoomba likizo ya sabato.*

Likizo ya kila mwaka si anayo? Hii nyingine ni ya nini?

Ile ya mwaka ni haki yake. Kanuni ya 533 ya Sheria ya Kanisa ya 1983 inamruhusu paroko kuwa nje hadi mwezi mmoja kwa mwaka, siku za mafungo zikihesabiwa kando. Likizo ya sabato huwa ya miezi kadhaa, hata mwaka mzima, ya kupumzika, kusali na kusoma, na hakuna kanuni inayomhakikishia. Anaomba, askofu anaamua. Asili yake ni Walawi 25, shamba lipumzike mwaka wa saba. Najua kwa Mkisii mwenye nusu ekari ya chai na ndizi, habari ya shamba kulala mwaka mzima ni hadithi tu.

Kwani amechoshwa na nini? Misa ni Jumapili.

Hesabuni mazishi. Ijumaa moja kuna maiti Kegogi na nyingine Sensi, na kila familia inataka padri mwenyewe, katekista hatoshi. Wanasiasa wanashika maikrofoni, saa zinayoyoma, na jioni kuna mgonjwa anasubiri mpako. Kesho yake harusi. Usiku kuna mzazi mlangoni na barua ya karo. Anawazika watu aliowabatiza, na siku ya kuwalilia hana.

Parokia inabaki na nani?

Hapa ndipo mambo huharibikia, na ni kwa sababu ya karatasi. Paroko msaidizi akiachiwa funguo kwa mdomo, hilo halitoshi. Ndoa ya Wakatoliki huhitaji askofu, paroko, au padri au shemasi aliyepewa mamlaka ya kuifungisha, pamoja na mashahidi wawili. Padri rafiki wa bwana harusi akija kutoka jimbo jingine na kuifungisha bila mamlaka hayo, ndoa ni batili, hata kama keki imekatwa na picha zimepigwa. Dawa ni askofu kuteua msimamizi wa parokia kwa barua. Huyo, kwa kanuni ya 540, ana haki na wajibu sawa na wa paroko, isipokuwa askofu aseme vingine. Sahihi za benki nazo zibadilishwe kabla padri hajafunga begi.

Si apumzike tu nyumbani kwao?

Akiwa mahali panapofikika kwa bodaboda kutoka Rioma, hajaenda likizo. Aende mbali. Taasisi ya kichungaji ya AMECEA (muungano wa mabaraza ya maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki), iliyoanzia Gaba, Kampala, na kuhamia Eldoret mwaka 1976, imewapokea mapadri na watawa kwa masomo ya namna hii. Na simu ya parokia aiache ofisini.

Majirani zetu Waadventista wanafanyaje?

Mchungaji wao wa mtaa huwa na makanisa kadhaa, kwa hiyo Sabato nyingi huongozwa na wazee wa kanisa hata akiwepo. Pengo lake halionekani upesi. Tungeweza kuwaiga kidogo katika mambo yasiyohitaji padri.

Atarudi kwetu?

Si lazima. Askofu anaweza kumpangia kazi kwingine. Ulizeni mapema, kabla hamjaanza kuchanga pesa za fahali wa kumkaribisha.