Njia Mbili za Kupata Ufundi

Chekalini, katika sehemu ya Lugari, Kaunti ya Kakamega, ni nchi ya mahindi. Lakini shamba la baba likigawanywa kwa wana wanne, kila mmoja hupata kipande kisichoweza kumlisha yeye na jamaa yake. Kwa hiyo yampasa mzazi kufikiri mapema: mwana huyu atashika kazi gani? Wengi hujibu, "Ufundi." Jibu hilo ni jema, bali yafaa tuelewe jinsi ufundi unavyopatikana.

Ziko njia mbili. Ya kwanza ni chuo. Vyuo vya ufundi vya vijijini vilianzishwa Kenya katika miaka ya 1960, kwa ajili ya vijana waliomaliza shule ya msingi wakakosa pa kwenda. Chini ya Katiba ya 2010, vyuo hivyo husimamiwa na serikali za kaunti. Humo mwanafunzi hufundishwa useremala, uashi, ushonaji au umeme, pamoja na vipimo na hesabu za kazi.

Ya pili ni mafunzo kazini, yaani kujifunza kwa fundi aliyekwisha kukomaa. Serikali ya Taifa huyasimamia kwa njia ya NITA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya 2011. Waajiri hutozwa shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi, na fedha hizo hugharamia mafunzo. NITA pia hutahini mafundi, kuanzia Daraja la Tatu hadi la Kwanza. Hata aliyejifunzia jua kali, asiyepata kuingia chuoni, aweza kutahiniwa.

Kwa nini njia hizi zishirikiane? Aliyesoma chuoni tu aweza kueleza sababu ya ukuta kupasuka, lakini hajapata kupatana bei na mwenye nyumba. Aliyejifunza kwa fundi tu ana mkono mwepesi, lakini huenda asijue kusoma ramani ya jengo, na kwa kukosa cheti hunyimwa kazi kubwa.

Mradi wa serikali ulioitwa KYEOP, uliokubaliwa mwaka 2016 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, uliziunganisha njia hizo. Vijana wasio na kazi, wenye umri wa miaka 18 hadi 29, walifundishwa kazi kwa miezi mitatu, kisha wakapelekwa kwa waajiri miezi mitatu mingine kupata mazoea.

Basi wasomaji na wayashike mambo haya:

Kwanza, mzazi asilipe karo kabla ya kuuliza: wanafunzi hupelekwa kwa mwajiri gani, na kwa muda gani?

Pili, fundi anayempokea mwanagenzi apatane na mzazi kwa maandishi juu ya muda, malipo na kazi zitakazofundishwa, kijana asije akageuzwa mbeba maji wa daima.

Tatu, kijana ajiandikishe kwa mtihani wa daraja mara awapo tayari, na cheti chake akitunze kama hati ya shamba.

Nne, walimu wa vyuo wawaalike mafundi wa sokoni waje kuwaonyesha wanafunzi kazi za siku hizi.

Shamba likigawanywa hupungua. Ufundi ukifundishwa kwa wengi haupungui.