Kuamuru Jaribio Lililo Angani

Eksirei zitokazo kwenye nyota hazifiki ardhini, kwa kuwa hunyonywa na angahewa. Kwa sababu hiyo, tarehe 12 Desemba 1970, setilaiti iliyopewa jina la Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, ikiwa na vipimo vya eksirei. Ilifanya kazi hadi Machi 1973. Wataalamu waliiendesha kwa amri za redio. Waliweza, kwa mfano, kupunguza kasi ya kujizungusha kwake ili ichunguze sehemu moja ya mbingu kwa muda mrefu zaidi.

Ugumu wa kazi hii si umbali, bali muda. Nahodha atokaye Chokocho, kusini mwa Pemba, kwenda Kisiwa Panza hupokea maagizo maadamu angali anasikia sauti ya pwani. Setilaiti nayo husikia maadamu haijazama chini ya upeo wa macho. Uhuru ilizunguka karibu na ikweta kwa dakika 96, katika kimo cha wastani wa kilomita 550. Tugawanye nusukipenyo cha dunia, kilomita 6,378, kwa 6,928: tunapata kosaini ya nyuzi 23. Chombo huonekana basi katika tao la nyuzi 46. Kwa kuwa dunia nayo huzunguka upande uleule, mwendo wake juu yetu ni nyuzi 3.5 kwa dakika. Antena iliyowekwa Chokocho ingeisikia kwa dakika 13 hivi katika kila dakika 103.

Kwa hiyo programu ya mawasiliano hupanga amri mapema, kila moja na saa yake ya kutekelezwa. Amri ni mfululizo wa tarakimu 1 na 0, na kelele za redio zaweza kuzigeuza. Amri 1011001 ina 1 nne. Huongezewa 0 mwishoni ili idadi ya 1 ibaki shufwa. Tarakimu moja ikigeuka, idadi huwa witiri na amri hukataliwa. Zikigeuka mbili, kosa hupita! Kwa amri za hatari, chombo hurudisha kwanza nakala ya kilichopokea, kisha hungoja idhini.

Zoezi: rudia hesabu kwa kimo cha kilomita 400 na mzunguko wa dakika 93. Zimepungua dakika ngapi?