Matunzo ya Mtoto na Ng'ombe wa Mahari

Ndugu msomaji, huenda nawe umepata kulisikia swali hili huko Tarime au Serengeti: mtoto aliyezaliwa na ng'ombe hawajatolewa, ni nani amlishe? Katika desturi ya Wakurya mtoto huhesabiwa kuwa wa nyumba iliyotoa mahari. Aliyemzaa bila kutoa ng'ombe hana dai juu yake. Na wengi huongeza ya kwamba, basi, wala hana deni. Neno la kwanza ni mila. La pili ni kosa, na anayelilipia ni mtoto.

Tazama desturi ya nyumba ntobhu. Mwanamke asiye na mtoto wa kiume hutoa ng'ombe, akaoa binti, na watoto wa binti huyo huitwa kwa nyumba yake. Mwanamume anayewazaa hupita tu. Je, yule bibi akifariki, au wakikosana, watoto watavikwa na nani?

Kurani Tukufu, katika Sura ya Al-Baqara aya ya 233, imeweka juu ya baba chakula na mavazi ya mama aliyeachwa anyonyeshaye, kwa kadiri ya uwezo wake. Nayo Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yamtwika baba matunzo ya watoto wake, wawe kwake au kwa mwingine. Ama kwa wasiooana, sheria ya zamani ilimwekea baba kikomo cha shilingi 100 kwa mwezi, fedha ambayo leo hainunui hata nusu kilo ya unga! Kikomo hicho kiliondolewa na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, ambayo haikulifunga jukumu la mzazi na mahari.

Basi mama aanzie wapi? Na aende kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, Tarime mjini au Mugumu. Huyo huwaita wazazi wote wawili na kuwasuluhisha, na mapatano yafaa yaandikwe. Yakishindikana, shauri hupelekwa Mahakama ya Watoto. Baba akimkana mtoto, mahakama hutazama ushahidi: jina lake katika daftari la vizazi, sherehe ya kimila aliyoifanya, kumkiri kwake mbele ya watu, au kipimo cha vinasaba.

Lakini mama asikawie. Ombi dhidi ya anayedaiwa kuwa baba huweza kuletwa hata kabla ya kuzaliwa mtoto, au ndani ya miezi 24 baada ya kuzaliwa. Muda huo ukipita, atahitaji kuonyesha ya kwamba katika miezi hiyo mwanamume alitoa fedha za matunzo. Kwa hiyo kila karatasi na kila ujumbe wa fedha katika simu na utunzwe! Na yule aliyevuka mpaka wa Sirari akakaa ng'ambo asidhani ameponyoka, maana arudipo Tanzania huhesabiwa miezi 24 mingine.

Kiasi hakikupangwa. Mahakama hupima mali na kipato cha wazazi wote wawili, watoto wengine wanaowategemea, na gharama za maisha mahali anapokaa mtoto. Mshahara wa mgodini Nyamongo ni kipato. Na zizi la ng'ombe pia ni mali, ijapokuwa mwenyewe hulia kwamba hana hata senti. Amri hudumu mpaka mtoto atimize miaka 18, nayo yaweza kuendelea akiwa bado masomoni.