Uniti Zinaishia Wapi? Somo la Matumizi ya Umeme Katika Biashara Ndogo

Mwenye duka anayenunua umeme wa shilingi 10,000 hupata takriban uniti 28. Siku ya sita mita huanza kulia, naye huzima taa ya barazani na kumgombeza kijana wa dukani kwa kuacha redio ikiwaka. Wiki inayofuata hununua kiasi kilekile, na mita hulia siku ileile. Taa ilizimwa, redio ilinyamaza, lakini uniti zimekwisha kama kawaida.

Hapo wameshukiwa wasiohusika. Balbu ya LED ya wati 9 ikiwaka saa 5 kila usiku hula uniti 0.045, yaani shilingi 16 hivi. Redio ndogo nayo haizidi hapo kwa kiasi cha kumfilisi mtu. Kwenye kona ya duka, hata hivyo, limesimama jokofu la kioo lililojaa soda na maji. Jokofu la namna hiyo, likiwa kuukuu na mpira wa mlango umelegea, linaweza kula uniti 4 kwa siku, ambazo ni zaidi ya shilingi 1,400. Iwapo faida ya chupa moja ya soda ni shilingi 100, chupa 14 za kwanza kila siku hulipia ubaridi peke yake. Faida ya mwenye duka huanza kuonekana kwenye chupa ya 15, na zipo siku za mvua ambazo chupa ya 15 haiuzwi.

Bei ya uniti moja

Uniti moja ni umeme unaotumiwa na kifaa cha wati 1,000 kikifanya kazi kwa saa moja. Kujua kifaa kinakula nini, wati zilizoandikwa kwenye kibandiko chake huzidishwa kwa saa za matumizi, kisha jibu hugawanywa kwa 1,000. Birika la wati 2,000 likichemsha maji kwa jumla ya nusu saa kwa siku limekula uniti moja kamili.

Maduka, saluni na karakana ndogo kwa kawaida zimo katika kundi la matumizi ya kawaida linaloitwa T1. Kwa bei zilizoidhinishwa na EWURA na kuanza kutumika Aprili 2016, uniti moja ya kundi hilo ni shilingi 292. Juu yake huongezwa kodi ya ongezeko la thamani asilimia 18, tozo ya REA asilimia 3 na tozo ya EWURA asilimia 1, na jumla hufika shilingi 356.24. Hesabu zote za somo hili zimefanywa kwa bei hiyo. Mwenye shaka achukue risiti yake ya LUKU, aondoe kodi ya jengo au deni lililokatwa, kisha agawe fedha iliyobaki kwa idadi ya uniti alizopewa. Risiti yake ndiyo imwongoze.

Jaribio la usiku mmoja

Hesabu ya kibandiko hufaa kwa birika, pasi na balbu. Kwa jokofu haitoshi, kwa sababu kompresa huwaka na kupumzika kwa zamu, na hakuna anayekaa na saa akihesabu. Mita yenyewe inaweza kutoa jibu pasipo kumwita fundi wala kununua chombo chochote.

Jioni duka linapofungwa, kila kitu kichomolewe isipokuwa jokofu. Uniti zilizobaki zisomwe na kuandikwa kwenye daftari pamoja na saa. Asubuhi, kabla mlango wa jokofu haujafunguliwa na kabla chochote hakijawashwa, zisomwe tena. Tuseme saa 3 usiku zilikuwa 21.6 na saa 12 asubuhi zimekuwa 20.3. Kwa saa 9 jokofu limekula uniti 1.3, bila mteja hata mmoja kuligusa. Mwendo huo ukiendelea kwa saa 24 hufika karibu uniti 3.5. Mchana kuna joto na mlango hufunguliwa mara kwa mara, kwa hiyo uniti 4 si makadirio ya kutia chumvi.

Usiku wa pili majaribio yaendelee, safari hii hata jokofu likizimwa, maadamu ndani hakuna nyama, samaki wala maziwa. Kama asubuhi uniti zimepungua, ipo njia ya umeme isiyojulikana. Huenda chumba cha mpangaji wa nyuma kimeunganishwa kwenye mita ya duka, au taa ya uani haikukumbukwa, au nyaya zinavujisha umeme. La mwisho ni jambo la hatari na linahitaji fundi mwenye leseni siku hiyohiyo. Wako wafanyabiashara wanaolipia umeme wa watu wengine miaka nenda rudi kwa kutofanya jaribio hili moja.

Kwa vifaa vingine ipo njia ya haraka zaidi. Mita nyingi zina taa ndogo nyekundu inayomweka, na pembeni yake imeandikwa idadi ya mimweko inayotimiza uniti moja. Ikiwa idadi hiyo ni 1,000 na taa inamweka mara 10 kwa dakika, basi ni mimweko 600 kwa saa, sawa na uniti 0.6 au shilingi 214 kwa saa. Kifaa kimoja kiwashwe, mimweko ihesabiwe, kizimwe, kiwashwe kingine. Ambaye mita yake iko juu ya nguzo atabaki na njia ya kusoma uniti.

Jokofu na maradhi yake

Jokofu halitengenezi ubaridi. Kazi yake ni kuhamisha joto kutoka ndani na kulitupa nje, kupitia mabomba membamba yaliyo nyuma au chini yake. Likisukumwa hadi kugusa ukuta, au mabomba yakifunikwa na vumbi na utando wa buibui, joto hukosa pa kwenda na kompresa huendelea kuunguruma. Nafasi ya upana wa kiganja kati ya jokofu na ukuta husaidia, pamoja na kusafisha mabomba kwa brashi laini kila baada ya miezi michache, jokofu likiwa limechomolewa. Mahali pia pana uzito. Jokofu lililowekwa barazani ili wateja walione, jua la alasiri likalipiga kwenye kioo, hupambana na jua hilo kwa fedha ya mwenye duka. Ndivyo ilivyo kwa lile linalopakana na jiko la chipsi.

Mpira wa mlango hupimwa kwa noti. Noti huwekwa kati ya mpira na fremu, mlango hufungwa, kisha noti huvutwa. Ikitoka bila kushikwa, hewa ya joto nayo huingia bila kuzuiwa. Kipimo hiki kifanywe pande zote nne, kwa kuwa mpira huchakaa zaidi kwenye pembe na upande wa chini. Wakati mwingine uchafu wa soda iliyomwagika ndio unaouzuia usibane, na maji ya uvuguvugu yenye sabuni hutosha. Ukiwa umepasuka, mpira mpya hununuliwa kwa mafundi wa majokofu, na gharama yake hulinganishwa na uniti zilizopatikana katika jaribio la usiku.

Katika friza, barafu iliyoganda kwenye kuta huwa kama blanketi linalotenganisha ubaridi na bidhaa. Barafu ikifikia unene wa nusu sentimita, friza izimwe na kuachwa iyeyuke yenyewe. Kisu kisitumike kamwe, maana tundu moja kwenye bomba la gesi hugharimu kuliko umeme wa miezi mingi.

Je, jokofu lizimwe usiku? Jibu hutegemea kilichomo. Nyama, samaki na maziwa hutakiwa kukaa kwenye nyuzi 5 au chini ya hapo saa zote, na vilivyogandishwa kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri. Anayezima friza ya kuku ili kuokoa shilingi 400 anaweka afya ya jirani zake rehani, na Afisa Afya wa kata akimkuta hatakosa la kumwambia. Soda na maji ya chupa haviharibiki kwa kupata joto la usiku mmoja, hivyo jokofu lenye vinywaji hivyo pekee linaweza kuzimwa wakati wa kufunga na kuwashwa alfajiri. Hata hivyo, akiba yake ni ndogo kuliko inavyodhaniwa, kwa kuwa asubuhi kompresa hufanya kazi mfululizo kurudisha ubaridi uliopotea. Kipimo cha haki ni cha saa 24: siku mbili kwa kuzima, siku mbili bila kuzima, na daftari litasema. Likizimwa, lisiwashwe papo hapo. Dakika 5 za kusubiri huepusha kompresa kuungua.

Duka lililo mbele ya nyumba

Jambo hili huwaumiza wengi kimyakimya. Familia yenye matumizi madogo, yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi, imo katika kundi la D1 na hulipa shilingi 100 kwa uniti, au shilingi 122 pamoja na kodi na tozo. Familia inayotumia uniti 60 hulipa shilingi 7,320 tu kwa mwezi. Mama wa nyumba anafungua genge barazani, ananunua jokofu la mtumba na kuvuta waya kutoka sebuleni. Jokofu linaongeza uniti 90. Uniti zinazozidi 75 ndani ya mwezi hutozwa shilingi 350 kabla ya kodi, na matumizi yakiendelea hivyo mteja huhamishiwa T1.

Baada ya kuhamishwa, uniti 90 za jokofu hugharimu shilingi 32,062, na hilo alilitarajia. Asilolitarajia ni kwamba uniti 60 za nyumbani, ambazo hazikuongezeka hata moja, sasa zinagharimu shilingi 21,374. Tofauti ya shilingi 14,054 kila mwezi ni gharama ya biashara iliyojificha ndani ya umeme wa familia. Haiandikwi kwenye daftari la genge, wala haihesabiwi katika bei ya juisi. Genge linaonekana lina faida, huku nyumbani fedha ya mboga ikipungua na sababu haijulikani.

Mwenye biashara ya namna hiyo afike ofisi ya TANESCO iliyo karibu, aulize masharti na gharama ya kufungiwa mita ya pili kwa ajili ya biashara, kisha alinganishe gharama hiyo na tofauti anayoipoteza kila mwezi. Ambaye matumizi ya nyumbani kwake yalikuwa yamekwishavuka uniti 75 hatapata nafuu kubwa kwa kutenganisha mita, ila atajua biashara yake inakula kiasi gani. Kuchezea mita au kuunganisha umeme kinyemela ni kosa la jinai, na huunguza nyumba.

Saluni, mama lishe na mashine ya kusaga

Vifaa vya kutoa joto hula haraka lakini kwa muda mfupi. Draya ya saluni ya wati 1,500 hula shilingi 534 kwa saa, kwa hiyo bei ya kukausha nywele ipangwe kwa dakika ambazo draya huwaka, na taulo ziachiwe jua. Kwa mama lishe, birika lijazwe maji ya vikombe vinavyohitajika, na yanayobaki yahifadhiwe kwenye chupa ya chai badala ya kuchemshwa mara tatu. Maharage yaliyolowekwa usiku kucha na kupikwa kwenye sufuria ya umeme ya mgandamizo huiva kwa umeme mchache kuliko yaliyowekwa juu ya jiko la koili kwa saa kadhaa.

Mota ya mashine ya kusaga yenye nguvu za farasi 10 ni kama wati 7,500. Ikifanya kazi kwa nguvu zake zote hula zaidi ya shilingi 2,600 kwa saa, na hata ikizunguka tupu huendelea kula. Kusubiri madebe kadhaa yakusanyike kabla ya kuwasha kunalipa. Mahindi mabichi, nyundo zilizochakaa, chekecheke lililoziba na mkanda unaoteleza vyote hurefusha muda wa kusaga debe lilelile.

Bei ya kununua na bei ya kulisha

Jokofu la mtumba huuzwa kwa bei ya kuvutia. Kama linakula uniti 4 kwa siku na jipya la ukubwa huohuo linakula 1.5, tofauti ya uniti 2.5 ni shilingi 890 kwa siku, au zaidi ya shilingi 320,000 kwa mwaka. Mnunuzi aliyedhani ameokoa laki tatu sokoni huwa amezirudisha kabla ya mwaka wa pili kuanza vizuri. Vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu vinavyoandaa maombi ya mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya halmashauri vinashauriwa kuingiza hesabu hii katika andiko la mradi, ambamo mara nyingi huonekana bei ya kifaa peke yake. Ufafanuzi hutolewa na Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata.

Jokofu jipya lenye kibandiko cha matumizi huonyesha kWh, yaani uniti, kwa mwaka au kwa saa 24. Namba ya mwaka igawanywe kwa 365. Kipimo hicho hufanywa katika hali ya maabara, na duka la bati lenye wateja wanaofungua mlango kutwa litakula zaidi. Kwa hiyo siku jokofu linapofika dukani, likiisha kusimama wima kwa saa chache na kupoa kwa siku nzima, jaribio la usiku lirudiwe na namba iandikwe ukurasa wa kwanza wa daftari. Miezi 6 baadaye lirudiwe tena kwa saa zilezile.