Kurekodi Ngano Bila Kuharibu Sauti

Likizo ya Desemba mwalimu mlezi wa Chama chetu alitutuma tukarekodi ngano za wazee. Mimi nilipanda matatu hapa Lodwar hadi Kakuma, kwa nyanya yangu, ambaye sisi Waturkana humwita ata. Nilibeba kinasasauti kidogo cha Chama. Ata akanisimulia habari za Nayeche, yule mwanamke aliyetoka kwa Wajie huko Uganda akifuata nyayo za fahali wa kijivu mpaka bonde la mto Tarach.

Nilifikiri heri sauti iwe kubwa, basi nikapandisha kiwango hadi mwisho. Ata alipofika pale pa kumwita fahali, alipaza sauti na kupiga makofi. Taa nyekundu ikawaka. Mimi nikafurahi, ati mashine inasikia vizuri! Tulipocheza darasani, mahali hapo palikwaruza kama mabati yanayoburutwa.

Nikadhani nikipunguza sauti kasoro itaisha. Wapi! Mashine huandika urefu wa wimbi la sauti kwa namba. Ikirekodi kwa biti 16, ina ngazi 65,536 tu kutoka chini hadi juu, na ya juu kabisa huitwa desibeli 0. Sauti ikipita hapo hakuna namba nyingine, kwa hiyo vilele vyote vya wimbi huandikwa sawa, vikawa bapa kama uso wa meza. Ukipunguza baadaye unapata meza fupi, lakini ni meza tu.

Kwa hivyo jaribuni kwanza. Mwombeni mzee apaze sauti kama atakavyoimba, kisha mshushe kiwango mpaka kilele kifike kama desibeli 12 chini ya sifuri. Msiogope kwamba itakuwa hafifu. Kila desibeli 6 mnazoshuka hupunguza ngazi kwa nusu, kwa hiyo zinabaki kama 16,384, nazo zatosha kabisa kwa maneno ya mtu. Lakini msishuke mno, maana mkipandisha baadaye, mvumo wa mashine na upepo (na wa kwetu mnaujua!) hupanda pamoja. Afadhali msogee karibu na msimulizi. Umbali ukipungua nusu, sauti yake huongezeka karibu desibeli 6, na upepo hauongezeki.

Tena, rekodini kwa WAV, na marekebisho yafanyiwe nakala. Mwenzangu mmoja alihifadhi yake kwa MP3, akarekebisha na kuhifadhi tena mara tano hivi. Kila mara MP3 hutupa sehemu ya sauti, na yake sasa inasikika kama mtu aliye ndani ya mtungi.

Aprili nilirudi Kakuma. Ata alikuwa na kikohozi. Safari hii kiwango nilikipanga sawasawa, naye akasimulia yote, lakini pale pa kumwita fahali alinong'ona tu. Sasa Chama kina rekodi mbili, moja safi isiyo na mwito, na moja yenye mwito unaokwaruza. Mwalimu amesema tusifute hata moja.